Shingo ya Korongo, Mgongo wa Kirukanjia

Korongo goliathi huishi penye maji mengi, kuanzia mito na maziwa hadi mikoko ya pwani. Husimama kwa kimo cha karibu mita moja na nusu, na hakuna mkubwa kuliko yeye katika familia yake. Kirukanjia shujaa wa misitu ya Kongo na Uganda hafikii hata gramu 150. Kuwalinganisha kwa ukubwa ni kupoteza wakati. Tuwalinganishe kwa pingili za mifupa yao.

Shingo ya korongo ina pingili takriban 20, nasi tuna saba. Pingili ya sita ni ndefu kuliko jirani zake, ndiyo maana shingo hupinda kama herufi S. Ndege huyu husimama kimya majini, kisha shingo hufyatuka na mdomo humnasa samaki kabla hajageuka. Akiruka huikunja, tofauti na korongo taji anayeinyoosha mbele.

Kirukanjia, kama wanyonyeshaji karibu wote, ana pingili saba tu shingoni. Maajabu yake yako kiunoni. Virukanjia wengine wana pingili tano au sita hapo. Huyu ana 11 hivi, nene, zenye vijino vingi vya mfupa vinavyoshikana. Wamangbetu wa Kongo walimjua kabla ya wanasayansi: waliokwenda vitani walibeba vipande vya mwili wake wakiamini mkuki hautawapata. Msafara wa Jumba la Makumbusho la New York, uliokuwa Kongo kati ya 1909 na 1915, ulishuhudia mtu mzima wa kilo 70 na ushei akimsimamia mgongoni kwa dakika kadhaa. Mnyama akaondoka mzima. (Tafadhali usijaribu.)

Nguvu hiyo ni ya nini? Mwaka 2013 William Stanley wa Chicago na wenzake walieleza spishi ya pili, yenye pingili nane kiunoni, wakapendekeza kwamba mnyama hujipenyeza kati ya shina na makuti ya miti ya jamii ya mitende, kisha hukunjua mgongo kuyapanua ili afikie mabuu. Kwangu dhana hiyo ina mashiko kuliko ya kujikinga asikanyagwe, maana tembo hangojwi kila siku, ila njaa ya kirukanjia haikomi. Spishi zenye mgongo wa aina hii ni hizo mbili tu, na zote ni za Afrika.