Mchoraji wa michezo ya kompyuta hana haja ya kuuza ndama

Mwishoni mwa muhula uliopita, mzee mmoja wa hapa Amukura alinijia shuleni, akaketi kwenye benchi nje ya ofisi ya walimu, akavua kofia na kuiweka gotini. Nilidhani amekuja kwa jambo la karo. Kumbe sivyo. Baada ya kuamkiana kwa “Yoga” na kuulizana habari za mvua na za nyumbani, alinieleza shida yake.

“Mwalimu, kijana wangu ananiambia niuze ndama ili nimnunulie kishikwambi cha Kimarekani cha kuchorea. Anasema bila hicho hawezi kuchora picha za mchezo wake wa kompyuta. Mimi sikusoma sana. Wewe ndiwe unayemfundisha. Je, asemayo ni kweli?”

Nimefundisha sanaa na kompyuta kwa miaka mingi, lakini sijapata kuulizwa swali hilo waziwazi namna ile. Wataalamu hulizungushia maneno mengi mno. Mzee yule alitaka kujua jambo moja: je, ndama atoke zizini au abaki? Nilimwomba anipe siku tatu.

Msomaji huenda akauliza kwa nini mwalimu ahitaji siku tatu. Sababu ni kwamba niliwahi kuulizwa swali la aina hiyo, nikajibu kwa haraka, na jibu langu likamwumiza mtoto wa watu. Alikuwa binti wa kidato cha tatu mwenye mkono wa ajabu, ambaye alipenda kuchora wahusika wa michezo: mashujaa, majini, wanyama wenye pembe za ng'ombe wetu. Nilimwambia kuwa wachoraji wa kweli hutumia Photoshop. Kwa kuwa hatukuwa na fedha, tulikwenda dukani, mjini, tukawekewa nakala iliyovunjwa kufuli kwa bei ya chakula cha mchana. Duka silitaji, kwa maana kosa lilikuwa langu. Programu ilifanya kazi vizuri kwa mihula miwili. Kisha virusi vilivyokuja pamoja na nakala ile vikaifunga mashine nzima, na michoro yote ikapotea. Flashi aliyohifadhia nakala za akiba nayo ilikuwa imeambukizwa. Binti hakunilaumu. Aliniambia tu, “Si neno, mwalimu.” Lakini hakuchora tena hadi alipomaliza shule.

Tangu siku hiyo ninaamini kuwa uchaguzi wa programu ya kuchorea si jambo la mtindo. Ni sawa na kuchagua ghala la kuwekea mavuno.

Turudi kwa kijana wa mzee. Mchezo anaoutunga unahusu bodaboda ya baiskeli. Hapa kwetu mpakani, Busia na Malaba, ndiko inakosimuliwa kuwa jina hilo lilizaliwa, baiskeli zilipokuwa zikivusha abiria na mizigo kutoka mpaka hadi mpaka. Katika mchezo wake, mwendeshaji ana baiskeli aina ya Black Mamba, abiria mnene na gunia la muhogo, na anapaswa kuvuka kabla ya jua kutua bila kugongwa na malori. Niliucheka, nikaupenda. Wazo ni la hapa hapa, halikuazimwa kokote.

Je, mchezo kama huo wahitaji picha gani? Hapo ndipo wengi hukosea, maana huanza kwa kuuliza jina la programu kabla ya kujua kazi yenyewe. Kijana wetu anahitaji barabara inayojirudia bila mshono, ili mchezaji akiendesha kwa dakika tano asione mahali picha ilipoungwa. Anahitaji baiskeli iliyochorwa mara nane, kila mara miguu na magurudumu yakiwa mahali tofauti kidogo, ili zikipitishwa upesi macho yaone mwendo. Anahitaji kila kitu kikae katika tabaka lake: mawingu peke yao, vibanda peke yao, mwendeshaji peke yake. Anahitaji pia kuhifadhi picha zisizo na mandhari. Juma la kwanza alihifadhi baiskeli yake kama faili ya JPEG, aina isiyojua uwazi, na alipoiingiza mchezoni ikatokea imefungwa ndani ya sanduku jeupe kama barua iliyobandikwa barabarani. Darasa zima liliangua kicheko. Sasa hakuna mwanafunzi wangu asiyejua faida ya PNG.

Kuhusu matabaka, sikupata kuyaeleza vyema hadi nilipowapeleka wanafunzi Kakapel, kule Teso Kaskazini, kwenye mwamba wenye michoro ya kale ambao serikali iliutangaza kuwa turathi ya kitaifa mwaka wa 2004. Watu wa zama moja walichora maumbo yao, waliofuata wakachora ng'ombe na maumbo mengine juu yake, hata jicho hupata taabu kutenganisha kazi ya nani ni ipi. Msichana mmoja alisema kwa masikitiko, “Laiti wangekuwa na matabaka, tungeinua ya juu tukaiona ya chini.” Kwa ufafanuzi huo nilikiweka kitabu changu begani nikanyamaza.

Lakini matabaka yana gharama, na gharama hiyo ni ya hesabu tupu. Kila nukta ya picha ya rangi, pamoja na kiwango chake cha uwazi, huchukua baiti 4. Picha yenye upana wa nukta 4,000 na urefu wa nukta 4,000 ina nukta milioni 16. Yaani tabaka moja lililojaa hula takriban megabaiti 64 za kumbukumbu. Matabaka kumi ni megabaiti 640, kabla programu haijaanza kutunza hatua za nyuma ili uweze kutengua makosa. Mashine nyingi tulizo nazo zina gigabaiti 4 tu, na sehemu kubwa huliwa na mfumo wenyewe. Ndiyo maana kijana alilalamika kuwa kompyuta ya shule “imezeeka.” Nilipotazama, nikakuta anachora baiskeli ya kuonekana kwenye skrini ya simu juu ya turubai ambayo ingetosha kuchapishiwa bango la ukutani. Tuliipunguza hadi nukta 1,920 kwa 1,080, ambapo tabaka moja halizidi megabaiti 9, na mashine ile ile ikapata ujana.

Sasa nizitaje programu zenyewe. Photoshop iliuzwa mara ya kwanza mwaka wa 1990. Ni chombo hodari, na mwenye kubisha hilo ni mshindani tu. Hata hivyo, tangu mwaka wa 2013 kampuni ya Adobe iliacha njia ya kuuza matoleo mapya ya programu hiyo kwa malipo ya mara moja, ikashika njia ya kukodisha. Mchoraji hulipa mwezi baada ya mwezi au mwaka baada ya mwaka, na programu hujithibitisha kwa intaneti mara kwa mara. Asipolipa, mlango hufungwa. Procreate ya Australia, ambayo ndiyo iliyomtia kijana wetu wazimu, hulipiwa mara moja tu na ni tamu mkononi. Lakini haifanyi kazi ila kwenye vifaa vya kampuni ya Apple. Kwa hiyo anayeinunua kwa fedha kidogo huwa amekwisha kununua kishikwambi kwa fedha nyingi. Huyo ndiye ndama.

Upande wa pili kuna programu za bure, zilizo huru kunakiliwa na kugawiwa. Wengi wetu tumelelewa kudhani kuwa cha bure hakina thamani. Basi na tuziangalie. GIMP ilianzishwa na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, kama kazi ya muhula, na ikatolewa kwa umma mwaka wa 1996. Leo, takriban miaka thelathini baadaye, bado inaendelezwa. Toleo la 3.0 lilitoka mwaka wa 2025. Nawaomba wanafunzi walitafakari hilo watakapopewa kazi ya muhula. Kwa kurekebisha picha, kuikata na kuipunguza, GIMP ni nyepesi na yatosha.

Kwa kupaka rangi hasa, nimependezwa zaidi na Krita, ambayo mizizi yake ni ya mwaka wa 1999. Jina lenyewe ni neno la Kiswidi lenye maana ya chaki, nami kama mwalimu siwezi kuichukia programu iitwayo chaki. Imetengenezwa kwa ajili ya wachoraji, si kwa ajili ya wapiga picha. Ukibonyeza herufi W, turubai hujirudia pande zote, hivi kwamba mstari unaotokea kulia huingia kushoto. Kwa njia hiyo barabara ya kijana wetu ilipata kuwa haina mshono kwa alasiri moja, kazi aliyoihangaikia juma zima. Tangu toleo la 3.0 la mwaka wa 2016 ina uwezo wa kuchora picha za mwendo, na humwonyesha mchoraji kivuli cha picha iliyotangulia ili ajue mguu ulikuwa wapi. Mchoraji Mfaransa David Revoy amekuwa akiitumia kuchora hadithi yake ya Pepper&Carrot tangu mwaka wa 2014, na atazamaye kurasa zile hatathubutu kuiita programu ya maskini.

Ina kasoro, sikatai. Kwenye mashine dhaifu husuasua ukishika brashi kubwa, na maandishi yake ya kuelekeza hayako kwa Kiswahili, jambo ambalo vijana wetu wangeweza kulirekebisha kwa kuwa milango yake iko wazi. Mwanafunzi asiye na kompyuta aanze kwenye simu kwa ibisPaint, ambayo ina matabaka, na asione haya.

Wenzangu wawili katika ofisi ya walimu walinipinga vikali. Walisema waajiri wa Nairobi hutaka watu wanaojua Photoshop, na kwamba nitawafanya watoto wa Teso kuwa wageni katika soko la kazi. Hoja hiyo ni nzito na sitaki kuidharau. Jibu langu ni hili: mwanafunzi aliyezielewa tabaka, brashi, uwazi na rangi katika programu moja huhamia nyingine kwa wiki chache, kama dereva anayebadilisha gari. Krita hata hufungua na kuhifadhi faili za Photoshop. Lakini aliyejifunza kwa nakala ya wizi hujifunza pia, pamoja na uchoraji, kwamba kazi ya fundi si ya kulipiwa. Kesho yeye mwenyewe ndiye fundi, na mchezo wake unanakiliwa kando ya barabara. Atamlalamikia nani?

Tena kuna suala la nani anayeshika ufunguo. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 2019, Adobe iliwatangazia wateja wake wa Venezuela kuwa akaunti zao zingefungwa kwa sababu ya amri ya serikali ya Marekani. Kabla mwezi haujaisha kampuni ilipata kibali na kuendelea kuwahudumia. Lakini kwa majuma yale matatu, wachoraji wasiohusika hata kidogo na ugomvi wa marais walikaa wakingoja kujua kama wangeamka na zana zao. Sisi tunaoishi mpakani, ambao twajua maana ya kizuizi kufungwa ghafla huku malori yakijipanga foleni, hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Jambo hili halimhusu mzee mmoja tu. Darasa la kumi la kwanza liliingia shule za upili za juu mwezi wa Januari mwaka wa 2026, na miongoni mwa njia tatu za masomo iko ya Sanaa na Sayansi ya Michezo. Wazazi wengi zaidi watakuja kwenye benchi lile. Ombi langu kwa walimu wakuu ni kwamba fedha kidogo zilizopo zisiende kwenye leseni za kukodi. Ziende kwenye kalamu. Kibao kidogo cha kalamu kisicho na skrini, kinachochomekwa kwenye kompyuta yoyote kwa waya, huhisi uzito wa mkono. Mstari hunenepa ukikaza na hukonda ukilegeza. Kuchora kwa kipanya ni kama kuandika kwa kipande cha sabuni. Hicho ndicho kitu kimoja ambacho hakuna programu ya bure inayoweza kukitoa.

Siku ya tatu mzee alirudi. Nilimwambia: ndama abaki. Nilimwonyesha kazi ya kijana wake kwenye kompyuta ya shule, kisha nikamweleza habari za kibao cha kalamu na bei yake, sehemu ndogo tu ya bei ya kishikwambi. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja nisilolitarajia.

“Na akichoka na hayo mambo, kibao hicho chaweza kuuzwa?”

“Chaweza, mzee, ila kwa hasara.”

“Hata ndama akiugua huuzwa kwa hasara,” alisema, akavaa kofia yake.

Aliuza gunia la muhogo mkavu na kuku kadhaa. Kibao kilifika kwa basi kutoka Nairobi, na kijana huja chumba cha kompyuta kila siku baada ya masomo, stima ikiwapo. Hunakili kazi yake mahali pawili kabla ya kufunga mlango. Hilo nimelifanya kuwa sheria. Baiskeli sasa inakwenda, na abiria mnene anatikisika vizuri kila inapoingia shimoni. Gurudumu la nyuma lingali linayumba katika picha ya tano, nami nimemwambia airudie.