Piano ya korali na televizyo: angalia matundu mbele ya kununua kamba

Watu wengi wanajua Kakontwe kwa mawe yake ya chokaa, na wenye kuchunguza miamba wameliweka jina hilo kwenye vitabu vyao. Lakini mwenyi kupita hapa Jumamosi mangaribi anasikia jambo lingine: korali zinafanya mazoezi, na nyuma ya sauti kuna piano ya umeme.

Korali nyingi ziko na shida moja: mutu mumoja tu njo anajua kupiga. Akipata kazi ya mugodi kule Kolwezi ao Fungurume, piano inafunikwa kitambaa. Vijana walitaka kujifunza, lakini walikuwa wanasimama kumi nyuma ya mugongo wake, na wa mbele tu ndiye alikuwa anaona kitu. Kwa hiyo kuunganisha piano na televizyo, ili wote waone tushi gani inashuka, si mambo ya kujionyesha.

Sasa, pale sokoni utaambiwa: chukua kamba hii, huku USB, kule HDMI, chomeka, kwisha. Unalipa, unachomeka, na televizyo inabaki nyeusi. Kamba haijaharibika. Lile tundu la mraba lenye kuandikwa USB TO HOST halitoe picha hata kidogo. Linatoa MIDI, luga yenye watengenezaji wa vyombo walipatana mwaka 1983, kati yao Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Roland, Japani. MIDI inapeleka habari fupi tu: tushi namba 60 imeshuka, kwa nguvu hii, sasa imeachiliwa. Hiyo 60 ni do ya katikati. Piano ya tushi 88 inaanza 21 na kumaliza 108. Lazima kuwe chombo cha kugeuza hizo namba kuwa picha.

Chombo hicho ni ordinatere. Piano inaingia kwenye ordinatere kwa kamba ya USB, sawa na ile ya mashini ya kuchapa karatasi. Ordinatere inaingia kwenye televizyo kwa HDMI. Programu ya MuseScore ni ya bure, na inaandika kwenye mistari noti zenye unapiga. Synthesia inachora tushi zenyewe, na kwa watoto hiyo ni rahisi zaidi, lakini ili kupata yote unalipa. Piano ya zamani yenye tundu la mviringo la pini tano inaomba kamba ya MIDI-USB; kumbuka OUT ya piano inaenda kwenye IN.

Kuna vinanda vya bei kali, kama Yamaha Genos ya 2017 ao PSR-SX900, vyenye vinakubali adaptata ya USB ya kupeleka picha moja kwa moja kwenye ekra. Si kila adaptata inakubalika, soma kitabu chake. Telefone nayo inaweza kusoma MIDI, lakini telefone nyingi za bei ndogo hazitoe picha kwa kamba.

Sauti iache itoke kwenye piano yenyewe, na ya ordinatere uifunge kabisa. Bila hivyo utasikia kila noti mara mbili, ya pili ikichelewa, na korali itapoteza mwendo. Picha ikichelewa kidogo, hakuna atakayelia.

Halafu kuna kura ya SNEL. Sisi wa Likasi tuko karibu na maporomoko ya Mwadingusha, lakini giza tunalijua vizuri. Kura ikikatika, chomoa piano na televizyo, na ungoje kwanza irudi na kutulia. Tumia stabilizatere kama iko.

Na jambo moja lenye wauzaji hawasemi: ekra haionyeshe vidole. MIDI haijue kama do ilipigwa na kidole gumba ao kidole cha mwisho, na mutoto mwenyi kujifunza kwa ekra tu anaweza kuzoea mukono mubaya. Kwa hiyo, mwenyi kupiga akiwa bado hapa, yeye asimame pembeni. Kijana mumoja akae kwenye kiti, wengine waangalie televizyo, halafu wabadilishane.