Je, Wajua? Mvumo wa Amplifaya Hudokeza Ubovu Wake

Amplifaya ya gitaa, yaani mtambo unaokuza mawimbi hafifu ya umeme yatokayo kwenye gitaa hadi yaweze kuendesha spika, inapovuma ilhali hakuna anayepiga, kimo cha mvumo huo humwonyesha fundi pa kuanzia. Katika nchi ambazo umeme wa majumbani huenda kwa mizunguko 50 kwa sekunde, zikiwemo Tanzania na Kenya, mvumo mzito wa hezi 50 kwa kawaida huingia kutoka nje, mara nyingi kupitia kebo ambayo wavu wake wa kinga umekatika, hivyo ni busara kubadilisha kebo kabla ya kushika bisibisi. Mvumo wa hezi 100, ulio juu kwa oktava moja, huashiria kuchoka kwa kapasita za kusawazisha umeme, ambazo huhifadhi chaji na kujaza mabonde yanayobaki baada ya dayodi kugeuza nusu zote mbili za kila mzunguko kuwa za upande mmoja.

Hapa ndipo penye hatari kubwa, kwa sababu katika amplifaya za vali kapasita hizo zaweza kubaki na volti 400 au zaidi hata baada ya plagi kuchomolewa. Fundi makini huzitoa chaji polepole kupitia rezista, kisha huthibitisha kwa mita. Kukata waya wa ardhi ili kunyamazisha mvumo ni kosa lisilovumilika: waya huo hulinda uhai wa mpigaji.