Hesabu ya Msitu wa Mlima Kenya

Mtu apitaye barabarani upande wa Nyeri au Meru huutazama msitu wa Mlima Kenya, akauona wote kijani, akadhani hakuna lililoharibika. Ndivyo walivyodhani wengi hata mwaka 1999, Shirika la Wanyamapori la Kenya lilipoupitia kwa ndege na kutia alama kila palipoonekana miti iliyokatwa au tanuri za makaa. Chini ya kijani kile miti ya kafuri, mitarakwa na mizeituni ya mwitu ilikuwa ikiangushwa. Bangi ilikuwa imelimwa humo. Na sehemu kubwa ya mashamba ya miti yaliyokwisha kuvunwa haikuwa imepandwa tena.

Jambo hili la mwisho lastahili kuangaliwa sana, maana si wizi wa usiku. Katika utaratibu wa shamba, mkulima hupewa kipande cha msitu wa serikali kilichokwisha kukatwa miti, akalima viazi na maharagwe huku akitunza miche. Baada ya miaka kama mitatu kivuli huzidi, naye huondoka. Ni utaratibu mzuri. Lakini miche isipoletwa, au ikang'olewa kwa siri ili viazi viendelee, basi msitu husalia katika vitabu vya ofisi tu. Na wa kwanza kuumia si lazima awe jirani: mpunga wa Mwea hunyweshwa na mito Thiba na Nyamindi, itokayo mlimani humo.

Mwaka 2000 ulinzi wa msitu huo ulikabidhiwa Shirika la Wanyamapori. Mwaka 2002 ulikaguliwa tena kutoka angani, na kwa kuwa hesabu ya kwanza ilikuwapo, yakawezekana malinganisho: ukataji wa miti ya asili ulikuwa umepungua sana.

Sheria ya mwaka 2016 yataka misitu ya umma isimamiwe kwa mpango ulioandikwa, nayo yaruhusu vyama vya wenyeji kufanya mapatano na Shirika la Huduma za Misitu. Ni hasara chama kama hicho kikijishughulisha na vibali vya kuni na malisho peke yake. Wanachama ndio wapitao msituni kila juma. Wao waweza kuandika daftarini miche mingapi ilipandwa wakati wa mvua za masika, mingapi ingali hai baada ya kiangazi, na mashina mapya mangapi yameonekana kando ya mto. Karani mwenye orodha ya namna hiyo, yenye tarehe na mahali, hajibiwi kwa maneno matupu mkutanoni.