Fahamu: Kampuni ikinunuliwa, wafanyakazi wake huwa wa nani?

Hoteli au kiwanda cha Arusha kikinunuliwa kwa njia ya hisa, mwajiri kisheria hubaki yule yule, na mikataba ya kazi huendelea. Ikiuzwa biashara na mali tu, hali ni nyingine: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimhamishi mfanyakazi moja kwa moja kwenda kwa mnunuzi. Yanahitajika makubaliano. Yasipopatikana, mara nyingi watu hupunguzwa kazini, na kifungu cha 38 kinamtaka mwajiri atoe taarifa mapema, aeleze sababu na ashauriane na chama cha wafanyakazi.

Kinachoumiza zaidi ni miaka ya utumishi kupotea. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Mpishi aliyetumikia miaka 9 ana siku zake 63. Akisaini mkataba mpya usioitambua miaka hiyo, naye hajalipwa, anaanza sifuri.

Arusha inaijua hasara hiyo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya awali, iliyokuwa na makao yake hapo, ilivunjika mwaka 1977. Reli, bandari na posta zikarithiwa na mashirika ya kila nchi, pamoja na watumishi. Makubaliano ya kugawana mali na madeni yalisainiwa Arusha Mei 1984, kila nchi ikibeba pensheni za raia wake. Hata hivyo, wastaafu wa Tanzania walikuwa bado wanadai haki zao mahakamani katika miaka ya 2000, wengine wakiwa vikongwe.