Akina Mama Wasio na Hati: Nani Atawadhamini?

Mwanamke auzaye samaki wakavu katika soko la Owino, mjini Kampala, aweza kuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka ishirini na kuwasomesha watoto wake wote kwa faida yake, na bado akiingia benki akaulizwe swali moja tu: ana dhamana gani? Dhamana inayotakiwa aghalabu ni hati ya ardhi. Na katika sehemu nyingi za Uganda, kama ilivyo kwa majirani zake, ardhi hutoka kwa baba ikaenda kwa mtoto wa kiume. Mama hulima, hupalilia na huvuna, lakini jina lililo katika hati, kama hati yenyewe ipo, si lake. Basi mkopo humpita. Si kwamba hajui biashara. Hana karatasi ya kumshuhudia.

Swali hilo la dhamana halikuzaliwa Kampala. Wanawake wa nchi za mbali walikwisha kupambana nalo, na jibu lao ndilo lililokuja kufika mpaka Afrika ya Mashariki.

Katika jimbo la Gujarat nchini India, jimbo ambako jamaa wengi wa Kihindi waishio Afrika ya Mashariki wana asili yao, uko mji wa Ahmedabad, uliokuwa mashuhuri kwa viwanda vya nguo. Wafanyakazi wa viwanda hivyo walikuwa na chama chao tangu mwaka 1920, chama kilichoanzishwa chini ya uongozi wa Gandhi. Lakini nje ya malango ya viwanda walikuwako wanawake wasiohesabiwa na yeyote: wapagazi waliobeba marobota ya nguo vichwani, wavuta mikokoteni, wauza mboga wa barabarani, na wale waliobadilisha vyombo vya jikoni kwa nguo kuukuu ili wazishone na kuziuza tena. Mwaka 1971 kundi la wapagazi hao lilimwendea Bibi Ela Bhatt, mwanasheria aliyesimamia idara ya wanawake katika chama kile. Alipotembelea makazi yao alikuta wengi wao wakiishi kando ya barabara. Walilipwa kwa kila safari, iwe ndefu au fupi, na safari zenyewe hazikuandikwa popote.

Bibi Bhatt aliandika habari zao katika gazeti la mji. Wafanyabiashara wa nguo walikasirika, nao wakajibu gazetini kwamba wanawalipa wanawake hao ujira wa haki, wakataja na viwango. Hapo akina mama wakatumia akili ambayo mwalimu yeyote angeifurahia: maneno yale yale ya wafanyabiashara yakachapishwa katika vikadi, na kila mpagazi akapewa chake. Tangu siku hiyo tajiri aliyetaka kupunja alionyeshwa ahadi yake mwenyewe. Mwanamke asiyejua kusoma alikuwa ameshika karatasi yake ya kwanza ya kumshuhudia.

Chama chao kiliitwa SEWA, neno ambalo kwa lugha yao lina maana ya utumishi. Kukiandikisha hakukuwa kazi nyepesi. Maofisa wa idara ya kazi waliuliza: chama cha wafanyakazi wasio na mwajiri kitapigana na nani? Akina mama walijibu kwamba chama huundwa kwanza ili wanachama wawe kitu kimoja, wala hakihitaji adui ndipo kiwepo. Baada ya mabishano ya miezi kadhaa kiliandikishwa, mwezi wa Aprili 1972.

Mara suala la fedha likajitokeza. Wauza mboga walikuwa wakikopa asubuhi kwa wakopeshaji wa mtaani na kurudisha jioni pamoja na nyongeza kubwa, hata faida ya siku nzima ikaishia kwa mkopeshaji. Chama kilijaribu kuwapeleka katika benki za serikali. Huko makarani walichukizwa na nguo zao zenye vumbi na makelele ya watoto wao, na akina mama walifika saa ambazo benki haikuwapokea, kwa kuwa saa za benki ndizo saa za soko. Katika mkutano wa mwezi wa Desemba 1973 wakasema: na tuwe na benki yetu sisi wenyewe. Walipoambiwa kwamba wao ni maskini, walijibu kwamba ni maskini, ndiyo, lakini ni wengi. Wanachama wapatao 4,000 walitoa rupia 10 kila mmoja, na mwaka 1974 benki ya ushirika ikazaliwa.

Hata hapo pia palikuwa na kizingiti. Waanzilishi hawakujua kuandika, na ofisa mwandikishaji alisita: benki ya watu wasioweza kutia sahihi itakuwaje? Basi usiku kucha wakaketi kujifunza kuandika majina yao, na kesho yake wakatia sahihi. Kwa wateja, benki ilibuni njia nyingine: mwanamke alipigwa picha akiwa ameshika kibao chenye namba ya akaunti yake, na picha hiyo ndiyo iliyomtambulisha. Mikopo mingi ya mwanzo ilikwenda kukomboa mapambo na viwanja vilivyokuwa rehani kwa wakopeshaji. Leo SEWA ina wanachama zaidi ya milioni mbili. Bibi Bhatt alifariki dunia mwezi wa Novemba 2022.

Wakati wapagazi wa Ahmedabad wakianza kujipanga, Bibi Esther Ocloo wa Ghana alikuwa tayari mwenye kiwanda. Yeye alianza baada ya kumaliza masomo katika shule ya Achimota, kwa shilingi kumi alizopewa na jamaa yake. Alinunua machungwa, sukari na chupa, akatengeneza jamu, akaitembeza barabarani, huku waliosoma naye wakimcheka kwa kuchuuza kama mtu asiyepita shule. Hati ya ardhi hakuwa nayo. Alichopata ni mkataba wa kuipelekea shule yake ya zamani jamu, na baadaye mwingine wa kuwapelekea askari maji ya machungwa, na kwa nguvu ya mkataba huo benki ikamkopesha.

Mwaka 1975, katika mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake mjini Mexico, wanawake wa nchi mbalimbali, Bibi Ocloo na Bibi Bhatt wakiwa miongoni mwao, walizungumza juu ya kuundwa kwa shirika la kuwadhamini wanawake wafanyabiashara. Shirika hilo, Women's World Banking, liliandikishwa mwaka 1979, na Bibi Ocloo akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Matawi yake yalifika karibu: Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Uganda mwaka 1984, pale akina mama wa Kampala walipoanzisha mfuko wao wa fedha. Mfuko huo ulipata leseni ya benki kamili mwaka 2013 na sasa unaitwa Finance Trust Bank. Nayo sheria imeanza kulegea: tangu mwaka 2019 Uganda ina sheria inayokubali mali inayohamishika, kama mifugo, mashine na bidhaa, iandikishwe kuwa dhamana.

Njia iliyoenea zaidi, hata hivyo, ni dhamana ya kikundi. Mkopaji hana hati, lakini ana wenzake wanaojua saa anayofungua genge lake na kiasi anachouza. Hao humdhamini. Ni njia njema, ila isisifiwe kupita kiasi. Mtoto wa mmoja akiugua na rejesho la wiki likakosekana, waliokuwa marafiki huja kuchukua sufuria na godoro. Tena uko mtego wa nyumbani: mama hukopa kwa jina lake, mume akazitumia fedha, na deni likabaki kwa mama na wadhamini wake. Benki ya Ahmedabad iliitambua hatari hiyo mapema, ndiyo maana ilisisitiza akaunti iwe kwa jina la mwanamke peke yake, na watumishi wake wakaifuata akiba mlangoni kabla haijaingia katika mikono mingine.

Kwa mama anayeogopa madeni ya nje, upo mpango ulioanzia Niger mwaka 1991 na ambao sasa waonekana katika vijiji vingi vya Uganda. Wanachama hununua hisa kila wiki kwa fedha zao wenyewe, hukopeshana kutoka humo humo, na riba hubaki kwao. Baada ya mwaka hivi hugawana yote na kuanza upya. Fedha huhesabiwa mbele ya wote, kisha hufungiwa katika sanduku lenye kufuli tatu. Funguo hukaa kwa wanachama watatu wa nyumba mbalimbali, na yule anayelilaza sanduku kwake hana hata ufunguo mmoja.