Gamba Linalorudi Palepale

Ukipitisha kidole kwenye paji la uso, juu ya sikio au nyuma ya mkono wa mtu mwenye ualbino, huenda ukagusa kitu ambacho macho hayajakiona: mahali padogo panapokwaruza kama msasa. Tazama vizuri, utaona gamba jembamba juu ya ngozi iliyoiva wekundu. Likibanduliwa linatoka; baada ya muda liko palepale. Hiyo bado si saratani, ila ngozi imeshaanza kuelekea huko.

Chanzo ni jua. Miale ya urujuanimno huharibu vinasaba vya seli za tabaka la juu la ngozi, ikiwemo jeni ya p53, ambayo kazi yake ni kuizuia seli iliyoharibika isiendelee kuzaana. Melanini huikinga ngozi na miale hiyo, na mwenye ualbino hana ya kutosha. Kwa hiyo magamba ambayo Wazungu wengi huyapata uzeeni, hapa Tanzania huwatokea vijana, hata watoto wa shule. Na baridi ya nyanda za juu kama Makete isimdanganye mtu: kadiri unavyopanda milimani, ndivyo miale inavyozidi makali.

Si kila gamba hugeuka saratani. Mengine hupotea yenyewe. Tatizo ni kwamba hakuna awezaye kusema lipi litageuka. Likinenepa, likiuma, likitoa damu au likawa kidonda kisichopona, usisubiri. Mdomo wa chini ndio wa kuangaliwa zaidi, kwani saratani inayoanzia hapo husambaa upesi kuliko ya shavuni.

Likiwahiwa, tiba yake ni nyepesi. Daktari huligandisha kwa nitrojeni kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, au hutoa krimu ya fluorourasili ya kupaka kwa wiki chache. Kinachosikitisha ni mtu kupaka dawa ya fangasi aliyojinunulia dukani, tyubu baada ya tyubu, huku gamba likigeuka kidonda.

Kinga ni kofia pana, nguo za mikono mirefu na losheni ya jua, kama Kilisun inayotengenezwa Moshi mahususi kwa watu wenye ualbino. Lakini wengi wao pia wana uoni hafifu, na hakuna anayeweza kujiona kisogo. Mzazi, mwalimu, mwenzi: mpapase masikio na shingo kila mwezi, na ukigusa pa kukwaruza, mpeleke kliniki ya ngozi.